Mtu wa Katikati

Zarechensk, 2 Septemba 2025

Platosha mwanangu,

Nakusalimu kwa mkono, kwa kuwa kwa mdomo tumekatazwa. Mimi ni mzima, ukiondoa miguu, presha na serikali. Viazi vimetoka vizuri mwaka huu, magunia manne. Nimevileta nyumbani kidogo kidogo kwa kile kigari cha magurudumu mawili, na watu wa jengo walikaa madirishani kunihesabia safari bila hata mmoja kushuka kunisaidia. Paka amekufa. Usisikitike sana, alikuwa mzee na hakumpenda mtu tangu utoto wake. Faina Borisovna, yule jirani wa mlango unaotazamana na wangu, anakusalimu na anauliza kama huko Serbia mnakula nyama kila siku kama alivyosikia.

Sasa hili la simu. Jumapili tatu zimepita. Ile ya kwanza nilikaa na simu mkononi kama kawaida yetu, nikaona jina lako linawaka, nikabonyeza, na kilichotoka ni sauti ya mtu anayegugumia ndani ya ndoo, kisha kimya. Nikadhani umeugua. Nikapiga mimi, ikaita mpaka ikachoka. Ndipo Faina akanieleza kwamba imetangazwa: kupiga simu kwa programu za kigeni kumebanwa, eti matapeli wanazitumia kuwaibia wazee. Nikamwambia mimi ni mzee na sijawahi kuibiwa isipokuwa na duka la dawa. Ujumbe wa maandishi unapita siku moja na kukwama siku tatu, na zikionekana zile ndege zisizo na rubani, intaneti yenyewe inazimwa mji mzima. Simu ya kawaida kutoka nje haiingii kwenye laini yangu, na nikipiga mimi, dakika kumi zinameza pensheni.

Faina anasema dawa ipo, programu ya taifa. Jengo zima limehamia huko, na matangazo yote ya maji, ya lifti na ya taka yanapita huko. Yeye ndiye msimamizi wa wakazi wa ngazi yetu, ana orodha, na kwenye orodha hiyo ni mimi peke yangu nisiye na alama mbele ya jina. Platosha, sitaiweka. Usiniulize kwa nini. Barua zinafika, polepole lakini zinafika, na mwandiko wangu ulikuwa wa kwanza darasani.

Daktari wa macho nilimwona. Ameniandikia matone.

Shangazi yako,
Rimma

* * *

Novi Sad, 4 Oktoba 2025

Shangazi Rimma,

Nakuamkia kwa heshima na kwa furaha, ungeniona nilivyoishika hiyo bahasha. Imetembea siku ishirini na tisa. Ningekuja kwa miguu ningefika mapema, kama ningeweza kuja. Sisi ni wazima. Milica anakusalimu na amekaanga pilipili nyekundu kilo thelathini za kuweka kwenye chupa, nyumba nzima inanuka moshi hadi soksi. Mimi bado nafunga madirisha. Mwalimu wa fizikia mzima anabeba vioo ghorofa ya tano, na fundi mkuu wangu ananiita profesa kila ninapokosea kipimo, kwa hiyo ananiita profesa kutwa nzima. Mwambie Faina nyama tunakula siku ya mshahara.

Sasa nijibu. Matone ya nini? Umeandika mistari mingi juu ya viazi na jirani, halafu mstari mmoja juu ya daktari, tena mwisho kabisa, pale unapoweka vitu usivyotaka viulizwe. Mimi nimelelewa na wewe nusu ya utoto wangu, najua unavyonipiga chenga. Niandikie alichosema, chote.

Kuhusu simu, nakuelewa kuikataa hiyo programu yao. Mimi pia siitaki hata kuiona. Ila njia ya pembeni ipo, inaitwa VPN, na kwenye karatasi ya pili nimekuchorea hatua kumi na moja, na picha za vitufe. Fuata pole pole. Usimwambie Faina.

Nilicheka peke yangu juzi. Unakumbuka baba hakuwahi kushika simu? Ilikuwa inalia ukutani na yeye amekaa hapo chini yake, anamwita mama atoke jikoni aje apokee. Hata siku nilipofaulu mtihani alikuja shuleni kwa basi kuuliza, na simu ipo nyumbani. Na sasa dada yake, mwenye miaka ishirini na sita ya kuunganisha simu za watu, ameanza ugonjwa huohuo. Labda ni wa damu.

Nakosa sauti yako, Shangazi. Nasema wazi kwa sababu Jumapili zimekuwa ndefu mno.

Platosha wako

* * *

Zarechensk, 9 Novemba 2025

Platosha mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye matope. Theluji imekuja mara mbili ikakataa kukaa. Kabichi nimeshaikatakata na kuitia chumvi, ndoo mbili, kwa nani sijui, mazoea tu. Vioo ubebe kwa glavu. Milica mwambie pilipili zisizochomwa kwa moto mkali hudumu zaidi, ingawa najua hataki ushauri wa mtu ambaye hajawahi kumwona.

Hatua zako kumi na moja nimezifuata kwa siku nne. Hatua ya saba simu iliniuliza kama nina uhakika, nikaijibu kwa sauti kwamba sina. Ilifanya kazi. Nikaona picha yako ya kwenye daraja, nikaona ujumbe wako wa Septemba umejipanga mstari kama watu wa foleni ya mkate. Nikasema kesho Jumapili nitampigia. Jumapili ikawa imekufa. Nimejaribu tena na tena, inazunguka tu kale kaduara. Kijana wa duka la simu aliniangalia kwa huruma na kuniambia wanazifunga kila wiki, ukipata mpya nayo inafungwa, na yeye hawezi kunisaidia hadharani maana ana mkopo wa nyumba.

Sasa daktari, kwa kuwa umeng'ang'ana. Ni presha ya macho. La kulia limekwisha, limekufa kimya kimya tangu kiangazi na mimi nilidhani miwani imechafuka. La kushoto naona kwa tundu tu, kama mtu anayechungulia kwenye kitasa. Foleni ya upasuaji ni ya miezi kumi na minne. Daktari ni binti mdogo, hakunidanganya. Alisema mpaka majira ya kuchipua naweza kuandika, baada ya hapo hawezi kuahidi. Kwa hiyo andika herufi kubwa.

Faina ametoa suluhisho. Atanisomea barua zako yeye na kuandika ninachomtajia. Faina ana moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Ukipiga chafya kwenye barua, jioni ngazi nzima itakutakia afya. Jana alikuja tena na ile orodha yake, akakaa jikoni bila kuvua kofia.

"Rimma, jengo zima, ghorofa tisa, ni wewe tu. Unaficha nini? Mtu asiye na la kuficha anaogopa nini?"

"Choo kina mlango, Faina, na humo pia hatuna la kuficha."

Akanuna, lakini chai alikunywa. Platosha, mimi nilivaa zile spika za masikioni miaka ishirini na sita. Watu wanadhani mazungumzo ni ya wawili. Mimi najua kuna mtu wa katikati, najua anavyokaa, najua anavyoshikilia pumzi. Siwezi kuzungumza na wewe mbele yake. Hilo litoshe.

Shangazi yako,
Rimma

* * *

Novi Sad, 12 Desemba 2025

Shangazi,

Salamu, na samahani kwa mwandiko mkubwa kama wa tangazo la ukutani. Milica anapona mafua. Hapa mvua, ukungu, na wateja wanaotaka madirisha yafungwe kabla ya sikukuu. Nakutakia mwaka mpya wenye heri mapema, najua itakufikia kabichi ikiwa nusu ndoo.

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi ya jengo la watu, na kioo mgongoni. Kwa nini hukuniambia wakati wa kiangazi? Kuja siwezi, unajua. Ile karatasi ya jeshi iliyokuja kwenye anwani yako bado inanisubiri, na nikitia mguu tu uwanja wa ndege sitafika kwako. Wewe kuja huku, na jicho moja, ndege mbili na kulala Istanbul, hilo nalo haliwezekani. Kwa hiyo nimefikiria wiki nzima, nimegeuza kila upande, na imebaki njia moja.

Nimeiweka, Shangazi. Programu yao. Nimenunua simu kuukuu sokoni, mama wa mwenzangu wa kazini ameniletea laini ya kwetu kutoka huko, na nimeiweka humo. Inakaa jikoni kwenye mkebe wa biskuti ili isisikie kingine. Mimi, niliyeondoka na mkoba mmoja ili watu hao wasinishike, nimewafungulia mlango kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu majira ya kuchipua yanakuja na wewe hutaona tena kuandika. Tutaongea kuhusu kabichi. Tutaongea kuhusu hali ya hewa. Nani atatufunga kwa kabichi?

Na nitakuambia neno ambalo nimelimeza tangu Oktoba. Naona unajitia hamnazo. Mtu wa katikati, mtu wa katikati. Mimi ndiye mwenye kesi, si wewe. Wewe ni mstaafu mwenye ndoo mbili za kabichi, unaogopa nini? Baba alikufa bila kuniambia hata kitu kimoja cha maisha yake. Miaka sita ya kifungo kaskazini, na nilichopata kwake ni kikohozi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikadhani tutakuwa na wakati. Umebaki wewe. Usiniachie kimya na wewe, maana sitakivumilia mara ya pili.

Namba iko chini. Mruhusu Faina aiweke hiyo programu, kisha piga.

Platosha

* * *

Zarechensk, 18 Januari 2026

Platosha,

Salamu. Baridi ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, mabomba yanashikilia, kesho ni ubatizo wa Bwana na vijana wamekata shimo kwenye barafu ya mto wazame humo kama kila mwaka. Faina naye anasema atazama, anasema hivyo tangu mwaka elfu mbili. Nimekaa karibu na dirisha saa sita mchana, ndiyo saa pekee ninayouona mstari. Nitaandika leo mpaka nimalize, kwa hiyo usitegemee mwandiko wa kwanza darasani.

Umeniuliza naogopa nini. Nitakuambia, kwa sababu hili haliwezi kupita kwa Faina, wala kwa ile programu, na jicho langu halitangoja.

Machi mwaka 1983. Nilikuwa zamu ya asubuhi kituoni. Baba yako alikuwa na miaka ishirini na saba, mhandisi kiwandani, amevaa koti jipya. Aliingia ukumbi wa simu za mbali, akalipia dakika kumi za Leningrad, akakaa kwenye benchi na watu wengine. Akanikonyeza kupitia kioo. Nikamwita kwa kipaza sauti kama mgeni, "Leningrad, kibanda cha tatu," naye akapita akinikunjia uso kwa utani.

Utaratibu wetu ulikuwa huu: unaunganisha, unasikiliza sekunde chache kuhakikisha wanasikilizana, unatoka. Mimi sikutoka. Nilidhani anampigia msichana. Alikuwa na siri siku zile, na mama na mimi tulikuwa tukikisia ni nani. Nilibaki kwenye laini kwa umbea wa dada, Platosha, nikitabasamu.

Hakuwa msichana. Alikuwa rafiki yake wa chuo aliyekuwa akimjua mtu wa gazeti. Arkady, kaka yangu, alimweleza jambo lililotokea kiwandani kwao, watu waliokufa humo, na familia zao zilivyolazimishwa kutia saini zikae kimya. Alichosema nakikumbuka neno kwa neno mpaka leo. Sitakiandika hapa. Maneno yale nilishayaandika mara moja.

Katikati ya maneno yake nilisikia mlio. Tiki, moja, kama mtu anapochomeka waya kwenye laini. Nilijua mlio wa mkuu wa zamu akiingia kusikiliza, na kwetu sheria ilikuwa inajulikana ingawa haikubandikwa popote: aliyesikia maneno kama hayo na asiandike karatasi ya taarifa kabla ya kutoka zamu, yeye na msemaji ni kitu kimoja. Mkuu wa zamu alikuwa Klavdia, mwanamke asiyesahau. Nikajua amesikia. Nikajua anangoja kuona kama dada mtu ataandika. Mama alikuwa amelala nyumbani na nusu ya mwili haifanyi kazi, na mshahara ulikuwa wangu. Zamu ilikwisha saa nane mchana. Saa saba na nusu niliandika. Mistari kumi. Niliipeleka chumba cha mwisho wa korido, yule mtu wa usalama akanishukuru na kuniuliza hali ya mama.

Walimwita Alhamisi. Mengine unayajua, ila hukujua yalianzia wapi.

Mwezi Mei alikuja fundi kurekebisha mashine mpya ya kuhesabu muda, iliyofungwa kwetu mwezi Machi na hakuna aliyetufundisha. Akasema tusishangae tukisikia tiki kila baada ya dakika tano, ndivyo inavyofanya kazi. Klavdia hakuingia kwenye laini yangu. Siku ile alikuwa chumba cha nyuma anakunywa chai na mkate wa jemu. Hakuna mtu aliyemsikia kaka yangu isipokuwa mimi. Hakuna aliyeniamuru. Ningenyamaza, angeendelea kuvaa koti lake.

Aliporudi kutoka kaskazini mwaka themanini na tisa alikuja kwangu kwanza, akala viazi, akalala siku mbili. Nilitaka kumwambia miaka ishirini. Kila nilipofungua mdomo nilimwambia kula.

Ndiyo maana siwezi kusema nawe kwenye hiyo programu. Simwogopi anayesikiliza. Namjua. Ni mtu kama mimi, ana mama mgonjwa nyumbani na saa yake ya kutoka kazini. Nilimpa mtu huyo baba yako, na siwezi kumpa wewe.

Nimemaliza. Jicho linaniuma. Sikuombi kitu.

Rimma

* * *

Novi Sad, 27 Februari 2026

Shangazi Rimma,

Salamu. Barua yako ya Januari imefika. Sisi ni wazima. Baridi imepungua, mto umejaa mpaka kwenye miti ya ukingoni na watu wanaenda kuutazama Jumapili. Kazi ipo. Tumepewa shule nzima, madirisha mia moja na arobaini, fundi mkuu anasema ikipita hiyo ataninunulia kofia ya uprofesa. Milica amebadilisha kazi, sasa yuko duka la vitambaa, anarudi amechoka miguu lakini anafurahi.

Pilipili zimebaki chupa tatu. Jirani wa chini amenunua mbwa anayebweka akisikia lifti.

Hali ya macho yako naomba uniandikie. Usiache matone.

Platon

* * *

Zarechensk, 30 Machi 2026

Platosha,

Salamu kwako na kwa Milica. Barafu ya mto imeondoka.

Barua yako nimeisoma kwa kioo cha kukuzia, siku mbili, neno moja moja. Nilikuwa nalitafuta neno fulani kwenye kila mstari, nikafika kwenye mbwa, nikafika kwenye matone, karatasi ikaisha kwa Platon, jina lako la kwenye cheti. Nimekuelewa. Una haki.

Naandika hii kwa rula chini ya mstari, na bado najua inapanda mlima. Ni ya mwisho kwa mkono wangu. Kuanzia sasa Faina atasoma zako na kuandika zangu. Nimeliona hili nikiwa nimechelewa: nilikuambia kwa siri, na nimekuachia jibu ambalo haliwezi kuwa siri. Ukitaka kunitukana, utanitukana mbele ya Faina. Ukitaka kingine, hivyo hivyo. Nimekufungia mle nilimofungwa, na sikukusudia. Hilo ndilo linalonilaza macho.

Faina ameiweka programu ya taifa kwenye simu yangu. Nimemruhusu. Amenionyesha kwa kidole mahali pa kubonyeza, na namba yako amekwishaiingiza. Sijapiga. Naishika tu, naiweka. Sitapiga mpaka uniambie nipige. Usiponiambia nitaelewa pia, na nitaendelea na matone.

Rimma

* * *

Novi Sad, 2 Mei 2026

Faina Borisovna,

Salamu za heshima kwako. Tafadhali kaa na shangazi yangu, mruhusu amalize chai yake, kisha msomee haya kwa sauti, pole pole, bila kuruka. Kuna mambo humu ambayo hukuyajua. Utayajua sasa. Ukiwaambia watu wa ngazi, waambie yote, usiwaambie nusu.

Shangazi Rimma,

Kukaa kwako na barua yangu ya Februari siku mbili na kioo, nikiwa nimekuandikia juu ya mbwa, kumenitia aibu. Nilikuwa na barua nyingine. Niliandika nne. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo sitaki Faina Borisovna ayatamke. Ya nne ilikuwa imeandikwa "nimekusamehe", nikaisoma mbele ya Milica, akaniuliza kama ni kweli, nikaichana.

Kwa hiyo nasema lililo kweli, kwa mdomo wa jirani yako. Uliandika karatasi iliyompeleka baba kaskazini. Ulikuwa dada yake. Nimekasirika mpaka nimevunja kioo cha shule, na nimelipa. Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza, na sitaki kukudanganya wakati huwezi kuuona uso wangu.

Wewe pia umenilea. Kila baba alipokohoa mpaka akashindwa kupumua, ni wewe uliyekuja kunichukua, ukanilaza kwenye kochi lako na kunisomea mpaka nikasinzia. Nimejaribu kuyaondoa haya ili hasira ikae vizuri. Hayaondoki. Yote mawili yako ndani yangu na hayapatani.

Sijui kama baba alijua. Hilo linanila. Najua tu kwamba kwangu hakuwahi kuwa na miaka ishirini na saba. Mimi nilimpata akiwa amekwisha. Sijui alivyoongea alipokuwa na hasira ya haki, sijui alivyocheka kwenye simu, sijui ni maneno gani aliyoyaona yanastahili kuhatarisha koti lake jipya. Mama hakujua, amekufa hajui. Rafiki wa Leningrad nimemtafuta tangu Februari, alifariki miaka kumi iliyopita. Duniani amebaki mtu mmoja aliyemsikia, na alimsikia dakika zote kumi, na anakumbuka neno kwa neno.

Umesema hutayaandika tena. Usiyaandike. Yaseme.

Nipigie, Shangazi. Simu imetoka kwenye mkebe, iko mezani, haizimwi. Tutaanza na salamu, utaniuliza hali ya Milica, nitakuuliza macho, kisha utaniambia baba yangu alisema nini kwenye kibanda cha tatu, kuanzia mwanzo. Atakuwepo mtu wa katikati, najua, hatuna mlango mwingine wa kupitia. Naye asikilize. Baba alitaka watu wasikie.

Platosha